Wa Mwisho Aliyengojewa

Mwenye kuijua Mbulu anaijua baridi. Katika miezi ya Juni na Julai ukungu hushuka asubuhi juu ya vilima, na watoto waendao shule hupita ndani ya ukungu ule kama vivuli, mikono wameificha katika nguo zao. Wazee hawaondoki motoni mpaka jua lipate nguvu. Hali ni hiyo hiyo upande wa Hanang, ambako mlima wenye jina hilo umesimama peke yake juu ya tambarare, kilele chake kikipita mita 3,400 kutoka usawa wa bahari. Na upepo utokao huko hauna huruma kwa mtu asiye na blanketi. Hata hivyo, pamoja na baridi yote hiyo, hapana mtoto wa Mbulu wala wa Hanang aliyekua akikanyaga theluji mlangoni pa nyumba yao. Mwenye hamu ya kuiona katika nchi yetu yambidi aitazame Kilimanjaro, na huko nako yazidi kupungua mwaka hadi mwaka.

Basi huenda msomaji akatuuliza: mwezi huu tumeona nini hata tukataka kuwaletea watu wa nyumbani habari za michezo ya theluji? Twajibu kwamba habari hizi zinatuhusu kuliko zinavyoonekana. Katika michezo hiyo yamo mataifa madogo ambayo hupeleka mtu mmoja, au wawili, au wanne, kwenda kushindana na watu waliozaliwa juu ya theluji. Na mara nyingi huyo aliyepelekwa hufika nyuma ya wote. Suala la thamani ya mtu wa namna hiyo, je, ameifedhehi nchi yake au ameiheshimu, liliulizwa kwanza, mbele ya macho ya ulimwengu, juu ya mtu wa Mbulu. Nasi twataka kulitazama tena, maana kila nyumba ina mtoto ambaye siku moja hurudi na kusema, "Nimekuwa wa mwisho."

MTU WA ELDORET NA MBAO ZA THELUJI

Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilianza mwaka 1924 katika mji wa Chamonix, Ufaransa. Kwa miaka mingi ilikuwa mali ya mataifa ya kaskazini, na hapana aliyetazamia kuiona bendera ya Kenya humo. Lakini mwaka 1996 kampuni ya viatu ya Nike, ya Marekani, iliwachukua wakimbiaji wawili wa Kenya, Bwana Philip Boit na Bwana Henry Bitok, ikawapeleka Ufini wajifunze kuteleza juu ya theluji. Bwana Boit alizaliwa Eldoret mwaka 1971. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800, na ni wa ukoo wa Bwana Mike Boit aliyeshinda medali ya shaba ya mbio hizo huko Munich mwaka 1972. Alipofika Ufini alikuwa hajapata kuiona theluji karibu maishani mwake.

Wapo waliocheka. Wapo waliosema kwamba jambo hili si mchezo bali ni tangazo la biashara, na kwamba Waafrika wale wamefanywa kichekesho cha watu. Hatusemi kwamba maneno hayo hayakuwa na msingi, kwani kampuni huuza viatu, haitoi sadaka. Lakini mtu aliyekuwa akianguka na kuinuka katika baridi ile hakuwa kampuni. Alikuwa kijana wa Eldoret, naye alilichukua jambo lile kwa moyo wa kweli.

Yafaa tueleze kidogo mchezo wenyewe, maana si kazi nyepesi. Mchezaji hufunga miguuni mbao mbili ndefu, nyembamba, zilizopinda mbele, na mikononi hushika fimbo mbili. Katika namna ya kale ya mchezo huo mbao hupita ndani ya mifereji miwili iliyochimbwa katika theluji, na mtu hujisukuma kwa mguu mmoja, akateleza kwa mwingine, akapanda vilima na kushuka mabonde. Siri kubwa imo chini ya mbao, nayo ni nta. Nta ikiwa haikulingana na theluji ya siku ile, mambo huharibika kwa njia mbili: ama mbao hazishiki, na mtu akipanda kilima hurudi nyuma, ama theluji hugandamana chini yake, na mtu huwa kama anayetembea na matope ya masika katika viatu. Theluji nayo ina tabia nyingi: ipo kavu, ipo mbichi, ipo iliyoyeyuka ikaganda tena. Mataifa makubwa huja na mafundi wao ambao kazi yao ni nta tu. Mtu wa taifa dogo huja na mwalimu wake mmoja na maombi ya mama yake.

SIKU ILE NAGANO

Tarehe 12 Februari 1998, huko Nagano, Japani, Bwana Boit alisimama katika mbio za kilomita 10. Ndiyo mara ya kwanza Kenya kuingia katika Olimpiki ya majira ya baridi, na timu nzima ya Kenya ilikuwa yeye peke yake. Siku ile theluji ilikuwa imelowa, aina ile ya theluji inayowatesa hata mabingwa.

Mshindi alikuwa Bwana Bjørn Dæhlie wa Norwei, aliyemaliza kwa dakika 27 na sekunde 24. Ilikuwa medali yake ya sita ya dhahabu, na hapana mwanamume aliyepata kufikisha hesabu hiyo katika michezo ya baridi kabla yake. Kwa desturi mtu wa namna hiyo huondoka upesi. Waandishi wanamngoja, na sherehe ya medali inamngoja. Lakini Bwana Dæhlie hakuondoka. Aliuliza habari za Mkenya, akaambiwa yungali njiani. Akasimama pale penye mstari, katika baridi, akangoja.

Akangoja kiasi cha dakika 20. Wote wengine walikwisha kufika. Hatimaye akatokea mtu mmoja, akijisukuma polepole, na watu waliosalia wakapaza sauti wakiitaja Kenya. Alimaliza kwa dakika 47 na sekunde 25, akiwa wa 92, nyuma ya kila aliyemaliza. Alipouvuka mstari, mtu wa kwanza kumkumbatia alikuwa yule aliyekuwa wa kwanza.

Bwana Boit hakulisahau jambo hilo. Baadaye alipopata mtoto wa kiume alimpa jina la Dæhlie, na hivi sasa jina la Kinorwei laitwa katika nyumba ya Kikalenjini. Na bingwa yule, ambaye alimaliza maisha yake ya michezo akiwa na medali 8 za dhahabu na 12 kwa jumla, hukumbukwa katika nchi zetu si kwa medali hizo bali kwa dakika zile 20.

Wala Bwana Boit hakuziacha mbao zile. Alirudi katika Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002, akarudi tena Torino, Italia, mwaka 2006. Na huko, katika mbio za kilomita 15, wapo waliofika nyuma yake.

TURUDI MBULU

Sasa, ndugu wasomaji, turudi nyuma miaka 30 kabla ya Nagano, tumtazame mtu wa kwetu.

Bwana John Stephen Akhwari ni mzaliwa wa Mbulu, mwaka 1938. Vilima vile tulivyovitaja ndivyo vilivyomlea, naye alikuwa miongoni mwa wakimbiaji walioifungulia njia nchi hii ya Wairaqw na Wadatoga, ambayo baadaye ilitoa wakimbiaji wenye sifa duniani. Karatu, iliyokuwa zamani ndani ya Mbulu, ilimtoa Bwana Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974. Hanang ilimtoa Bwana Gidamis Shahanga, aliyeshinda dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, na dhahabu ya mita 10,000 mwaka 1982. Lakini ajabu ni hii: mtu wa Mbulu anayejulikana zaidi ulimwenguni si yule aliyeshinda. Ni yule aliyekuwa wa mwisho.

Ilikuwa tarehe 20 Oktoba 1968, katika mji wa Mexico, ulio juu ya bahari zaidi ya mita 2,200, mahali ambapo pumzi ni haba. Wakimbiaji 75 walianza marathoni, safari ya kilomita 42 na mita 195. Njiani misuli ya Bwana Akhwari ilimkaza. Kisha, kabla ya kufika nusu ya safari, wakimbiaji waliposongamana kila mmoja akitafuta nafasi, aligongwa akaanguka. Goti lake lilipasuka na kuteguka, na bega likaumia. Akafungwa kitambaa, akainuka, akaendelea.

Mshindi, Bwana Mamo Wolde wa Ethiopia, alikwisha kufika kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Wengine wakaingia mmoja mmoja. Watu 18 walishindwa njiani wakaacha; na hapana aliyewalaumu, kwani hewa ya mji ule ilikuwa nzito kwa wengi. Jua likatua. Watu wakatoka uwanjani wakarudi makwao, wakabaki wachache. Ndipo akaingia mtu mmoja akichechemea, mguu umefungwa kitambaa, akauzunguka uwanja, mara akitembea, mara akikimbia. Wale wachache wakasimama, wakampigia makofi hata akauvuka mstari. Saa yake ilikuwa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alikuwa wa 57, nyuma ya kila aliyemaliza, na mshindi alikuwa amemtangulia kwa zaidi ya saa nzima.

Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu maneno ambayo yamekwenda mbali kuliko miguu ya mkimbiaji yeyote: kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, bali ilimtuma azimalize.

MAANA YA KUTUMWA

Tuyapime maneno hayo. Bwana Akhwari hakusema kwamba alitaka sifa, wala hakusema kwamba maumivu hayakuwapo. Alisema kwamba alitumwa. Mtu aliyetumwa amebeba amana, na amana haipimwi kwa kasi ya mchukuzi bali kwa kufika kwake. Nasi tumefundishwa tangu udogoni kwamba amana ni kitu cha kurudishwa kwa mwenyewe, si cha kutupwa njiani kwa sababu mzigo umekuwa mzito.

Hapa lazima tuondoe kosa moja. Asije mtu akadhani kwamba tunausifu uvivu, au kwamba tunawaambia vijana kuwa wa mwisho ni sawasawa na wa kwanza. Sivyo. Bwana Akhwari alikuwa mkimbiaji hodari. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alikuwa wa 5 katika marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Njia zilikuwa mbalimbali na hewa mbalimbali, lakini saa hiyo ni ya upesi kuliko ile iliyompa Bwana Wolde dhahabu kule Mexico. Na Bwana Boit alifanya mazoezi miaka miwili katika nchi ya baridi kali kabla ya kusimama Nagano. Basi heshima tunayoitaja ni ya mtu aliyejitayarisha kwa nguvu zake zote, kisha akashindwa na jambo lililo juu ya nguvu zake, na hata hivyo akafika. Asiyejitayarisha hana fungu katika heshima hii.

Wala hawa wawili si peke yao. Kwa jirani zetu wa Uganda alikuwako Bwana Tofiri Kibuuka, mtu asiyeona. Mwaka 1976, michezo ya baridi ya watu wenye ulemavu ilipofanyika kwa mara ya kwanza, katika mji wa Örnsköldsvik, Uswidi, yeye aliteleza juu ya theluji kwa jina la Uganda, Mwafrika wa kwanza katika michezo hiyo. Theluji ambayo Bwana Boit aliiona akastaajabu, Bwana Kibuuka aliijua kwa miguu na masikio tu. Ethiopia nayo ilimpeleka Bwana Robel Teklemariam mwaka 2006. Na mwaka 2018, huko Pyeongchang, Korea ya Kusini, aliingia Bibi Sabrina Wanjiku Simader, binti aliyezaliwa Kilifi, katika pwani yetu hii ya minazi, akachukuliwa na mama yake kwenda Austria angali mtoto mdogo. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya katika Olimpiki ya baridi, akapata nafasi ya 38 katika mojawapo ya mashindano ya kushuka milima kwa kasi. Tanzania yenyewe, hata michezo ya mwaka 2022 ilipokwisha, ilikuwa haijapata kumpeleka mtu.

WAJIBU WA MWENYE KUTUMA

Lakini amana ina pande mbili. Aliyetumwa ana wajibu wa kufika. Mwenye kutuma naye ana wajibu, na huu ndio ambao mara nyingi husahauliwa. Ni rahisi kwa taifa kumpa kijana bendera, kumpiga picha uwanjani pa ndege, kisha kumwacha atafute mwenyewe viatu, mwalimu na nauli. Akirudi bila medali tunamlaumu. Akirudi na jeraha tunamtungia hotuba. Kusifu uvumilivu wa mtu tuliyemtupa si sifa, ni kujifariji.

Tazameni mfano wa Jamaika, kisiwa cha jua kama Unguja yetu. Mwaka 1988, huko Calgary, Kanada, walipeleka watu wanne kushindana katika gari la barafu, chombo kinachoshuka kwa kasi ya kutisha katika mfereji ulioganda. Gari lao lilipinduka. Wakatoka chini yake, wakatembea kando yake mpaka mwisho wa njia, na watu wakawashangilia. Lau hadithi ingeishia hapo, ingekuwa hadithi ya kuchekesha na kuliza. Lakini walirudi nyumbani wakajifunza, wakatafuta vyombo bora na walimu bora. Na mwaka 1994, huko Lillehammer, Norwei, gari la watu wanne la Jamaika lilikuwa la 14, mbele ya magari ya Marekani. Ndiyo tofauti kati ya taifa linalofurahia kuonewa huruma na taifa linalotengeneza.

Kwa hiyo, tunapoutazama mji wa Mbulu, na Katesh chini ya Mlima Hanang, tusiridhike na kusimulia habari za mwaka 1968. Serikali ilimpa Bwana Akhwari nishani ya heshima mwaka 1983, na mwaka 2008 alikuwa miongoni mwa waliobeba mwenge wa Olimpiki ulipopita Dar es Salaam. Hayo ni mema. Lakini katika vilima vile vile, asubuhi hii, wako watoto wanaokimbia kwenda shule wakiwa peku katika umande. Heshima ya kweli kwa mzee wao ni uwanja wenye kukimbilika, mwalimu mwenye kulipwa, na sahani iliyojaa ya kijana anayefanya mazoezi. Asiyemlisha mjumbe asimlaumu kwa kuchelewa.

NENO KWA WATU WA NYUMBANI

Tumesema mengi juu ya mataifa. Na tumalizie kwa nyumba zetu, maana nyumba ndiyo taifa dogo kuliko yote, nayo pia hutuma wajumbe. Kila mwaka mtoto hutumwa shule, na kila mwaka huja siku ya kuleta karatasi ya matokeo. Baba huitazama nafasi tu. Akiona namba ndogo hucheka. Akiona namba kubwa hukunja uso, na mtoto hulala na machozi. Ni mara ngapi tumemwuliza mtoto, "Ulijitayarisha? Ulimaliza? Nani aliyekusaidia ulipoanguka?" Na ni mara ngapi tumejiuliza wenyewe, "Sisi tuliomtuma tulimpa nini? Taa ya kusomea? Muda wa kusoma? Neno zuri?"

Na kwa mtoto aliyekuwa wa kwanza tunalo funzo pia, nalo ni lile la Bwana Dæhlie. Ushindi wake haukupungua hata chembe kwa kusimama katika baridi dakika 20; bali uliongezeka. Mfundisheni mwanenu aliye hodari wa hesabu aketi na ndugu yake aliye mzito wa hesabu. Binti aliyemaliza kuteka maji mapema na amngoje mwenziwe kisimani. Aliyefika na asifunge mlango nyuma yake.

Mtoto wenu akirudi jioni moja, vumbi miguuni na kichwa kimeinama, akasema kwamba katika mbio za shule wote wamempita, mwulizeni neno moja tu kabla ya mengine yote: je, ulifika? Akijibu kwamba alifika, basi mpeni maji anywe, mketisheni karibu na moto, na kesho mwamsheni mapema akafanye mazoezi.